Usichanganye Chupa ya Hōhepa

Tokomaru Bay
3 Septemba 2018

Te Rina,

Salamu nitazitafuta siku nyingine. Leo sina.

Jana baada ya ibada, Ngāhuia, yule binti wa binamu yetu ambaye ni nesi Gisborne, alinivuta kando akaniuliza kama familia tumefurahi. Tumefurahia nini? Akasema alikwenda kwenye mkutano wa manesi wa saratani, wakaonyeshwa ukutani picha ya seli zinazoishi ndani ya chupa huko Dunedin, kwenye maabara hiyo hiyo unayofanyia kazi wewe. Seli za saratani ya koo, za mwanamume wa Kimaori wa pwani hii, umri miaka hamsini na minane. Jina mlilozipa ni HK-58. Ngāhuia si mjinga, na mimi si mjinga. Hōhepa Kaiwai, hamsini na minane. Kaka yangu. Baba yako!

Sasa nisikilize vizuri. Mwaka jana walipomkata lile donge kooni, ni mimi niliyekwenda hospitali kuidai nyama yake, kwa sababu kitu cha mwili wetu hakitupwi jalalani. Wakanipa kisanduku kilichofungwa. Nikakipakata njia nzima, sikula, sikunywa, tukakizika karibu na bibi. Baada ya miezi michache tukamzika mwenyewe kando yake. Na siku ile ya kisanduku, nani alikuwa ameshika koleo? Wewe! Ulifukia, ukanawa mikono langoni kama sisi wengine, na muda wote ulijua kwamba nyingine iko Dunedin kwenye chupa!

Jiwe lake la kaburi tunalifunua Jumamosi, tarehe 29 Desemba. Maana yake unaijua: kitambaa kikishaondolewa, tumemaliza, analala. Simfunulii jiwe mtu ambaye kipande chake kiko hai kwenye kabati la watu. Mlete. Chote kilichobaki, kabla ya siku hiyo.

Na usinipigie simu. Kwenye simu utalia na mimi nitakuonea huruma. Andika.

Shangazi yako,
Rāwinia


Dunedin
11 Septemba 2018

Shangazi,

Haya, naandika. Na mimi nimekasirika, kwa hiyo tuko sawa.

Ndiyo, ni yeye. Ndiyo, nilijua. Lakini kuna swali moja hujaniuliza: Baba mwenyewe alisema nini?

Tulikuwa tumetoka kwa daktari, tumeegesha gari kwenye kituo cha mafuta. Mimi nakula pai ya nyama, yeye ananitazama tu maana kumeza kulishamshinda. Nikamweleza kwamba saratani yake imeletwa na kirusi. Kwamba seli za namna hiyo ni ngumu kuoteshwa, nyingi hufa wiki ya kwanza, na zile chache zilizopo duniani karibu zote ni za watu wa mbali, si wetu. Na kwamba dawa hujaribiwa kwanza kwa hizo. Akacheka kile kicheko chake cha kukoroma. Akasema, "Donge lenyewe linakula kwangu bure. Liende likatafute kazi." Kisha akasema, "Likimaliza kazi, unilete nyumbani. Na dada yangu usimwambie, atakuja huku na shoka." Akasaini kwa mkono wake.

Wewe uliidai nyama, hukumuuliza mwenye nyama. Ndivyo mlivyo nyote huko. Wakubwa wanakaa, wakubwa wanaamua, na mwenye koo amekaa pembeni hana sauti ya kuwajibu. Mtu aliyesimama miaka yote kuwahutubia wageni kwenye marae, uwanja wa mikutano wa ukoo mzima! Mimi ndiye niliyemuuliza. Mimi peke yangu.

Kila asubuhi, kabla sijafungua kabati la joto, nasema sala. Hakuna anayeruhusiwa kula humo ndani. Seli nazilisha kwa mkono wangu mwenyewe. Simleti, Shangazi. Bado anafanya kazi.

Te Rina


Tokomaru Bay
19 Septemba 2018

Te Rina,

"Nazilisha." Nimelisoma neno hilo nikaenda moja kwa moja kumuuliza Ngāhuia mnamlisha nini. Alijikanyaga weee, mwisho akasema: maji ya sukari na chumvi yaliyotiwa damu ya ndama iliyochujwa. Damu ya ndama! Koo la kaka yangu, mtu ambaye hata kofia yake hatukuthubutu kuiweka juu ya meza ya chakula, mnamnywesha damu ya ndama!

Na hicho kirusi chenu. Ngāhuia kanieleza kinavyoambukizwa, huku akitazama dirishani. Kwa hiyo sasa pwani nzima itasema Hōhepa aliuawa na wanawake? Loo! Alikuwa mzuri, sikatai, na kuimba alijua, na wasichana wa genge la kukata manyoya ya kondoo hawakuwa vipofu. Lakini hayo ni yake na wao. Hayabandikwi ukutani mbele ya manesi.

Unasema alikubali. Nakuamini, maana habari ya shoka ni maneno yake hasa, nimeyasikia masikioni. Lakini kwamba alinificha mimi! Nimemfulia yule mtu mito yake tangu mama alipotuacha, mpaka mto aliofia. Ameniumiza, na hayupo nimtukane, kwa hiyo utukanwe wewe.

Kukubali alikubali yeye. Kuzika ni kazi yetu. Nimemwandikia bosi wako leo, tusizungushane.

Shangazi yako,
Rāwinia


Dunedin
4 Oktoba 2018

Bi. R. Kaiwai,

YAH: OMBI LA KUREJESHEWA SELI ZA HK-58

Nakiri kupokea barua yako ya tarehe 19 Septemba. Awali ya yote, tafadhali pokea pole zangu kwa msiba uliowapata.

Napenda kukufahamisha kwamba marehemu alitoa ridhaa yake kwa maandishi, na kwamba seli hizo ni mali ya maabara. Zimekwisha kutumwa kwa watafiti wa nchi kadhaa, na makala yetu kuzihusu inatarajiwa kuchapishwa hivi karibuni. Kwa mantiki hiyo, ombi lako haliwezi kutekelezwa.

Aidha, ningependa kukuondolea wasiwasi. Kisayansi, seli hizi si mtu. Ni zana ya kazi, kama ilivyo darubini. Hata hivyo, maabara inauheshimu sana utamaduni wenu, na tutafurahi kutuma kadi ya shukrani siku ya hafla yenu.

Wako,
Prof. Desmond Kerslake


Tokomaru Bay
12 Oktoba 2018

Profesa,

Kadi yako kaa nayo.

Unasema kaka yangu ni zana. Sawa, nimekusikia. Sasa nikueleze jinsi tunavyotunza vitu nyumbani kwangu. Mto wa kulalia haukaliwi. Taulo la kichwa halifuliwi pamoja na kitambaa cha kufutia vyombo. Kila kimoja kina beseni lake, na mtoto akichanganya, anafua vyote upya huku nimesimama juu yake. Kitu cha kichwa ni mwiko kukigusanisha na kingine. Hatuhitaji kusoma ili tujue hivyo.

Swali langu ni moja tu. Humo ndani, kaka yangu ana vyombo vyake mwenyewe? Au mnamchanganya na watu?

Nijibu hilo.

R. Kaiwai


Dunedin
8 Novemba 2018

Shangazi,

Kaa chini kwanza.

Najua Profesa hajakujibu. Barua yako aliisoma kwa sauti wakati wa chai, ili tucheke. Wawili walicheka. Alipofika kwenye swali la vyombo, aliacha kusoma. Akaikunja, akasema kuna mtu anamsubiri kwenye simu. Nikabaki najiuliza, swali la beseni linamtia mtu woga wa nini?

Huku nasi tuna mwiko, Shangazi. Seli za kila mgonjwa zina chupa yao ya chakula. Huchovyi kwenye chupa hii kisha ukachovya kwenye ile. Seli moja tu ikidondokea kwa jirani, nayo ikawa na nguvu, itakula chakula cha mwenyeji, itazaana, na baada ya miezi mwenyeji amekwisha na jina lake bado limebandikwa pale juu. Kwa macho huoni tofauti yoyote.

Nikapima vinasaba. Nilichukua seli za chupa ya Baba na mate yangu mwenyewe. Mtoto hubeba nusu ya baba yake, lazima vioane. Havikuoana. Siku mbili nzima nilimuwazia mama yangu mambo ambayo sitayaandika hapa. Ndipo nikakumbuka tangi la baridi. Kulikuwa na vichupa viwili vya mwanzo kabisa, nilivyovigandisha mimi Baba akiwa hai. Nikafungua kimoja, nikapima. Ni yeye. Ni baba yangu na mimi ni wake.

Wanaoishi kwenye chupa zenye jina lake ni mtu mwingine, Shangazi. Ni seli za mwanamume wa ng'ambo, maabara ilizinunua zamani. Zina kirusi kile kile, ndiyo maana hakuna aliyeshtuka. Na unajua zilichanganywa lini? Nilipokuja msibani. Nilimwachia Profesa kazi ya kulisha, na yeye kwa haraka zake akatumia chupa moja ya chakula kwa wote. Mimi niko huko nakaa kando ya jeneza, yeye huku anammaliza Baba mara ya pili! Watafiti wa nje walimwandikia tangu Aprili kwamba seli hizi haziwaelei. Akanyamaza kwa ajili ya makala yake.

Sala zangu zote za asubuhi nimemsalia mtu nisiyemjua.

Nimemwita mwongo mbele ya watu, mlango ukiwa wazi. Nimepeleka malalamiko kwa kamati ya maadili ya utafiti. Seli za kile kichupa nilichofungua nilijaribu kuziotesha, hazikushika, zikafa. Nimezihifadhi. Kimebaki kichupa kimoja.

Te Rina


Tokomaru Bay
16 Novemba 2018

Te Rina,

Barua yako nimeisoma nimesimama, kwa kuwa uliniambia nikae.

Nimesoma mara moja tu, nikatoka nje nikapasua kuni ambazo hazikuhitaji kupasuliwa. Siku tatu tulikaa naye, jeneza wazi, tukimwimbia, tukimtania, tukimlilia mpaka sauti zikatuishia. Na siku hizo hizo huyo bwana anachota kwa mgeni anamwagia kwenye sahani ya kaka yangu! Halafu anakaa chini ananiandikia mimi kwamba anauheshimu sana utamaduni wetu! Akija pwani hii nitamfulia kichwa chake na matambara ya jikoni, umwambie hivyo hivyo.

Mama yako, ulimuwazia nini? Pua hiyo uliyonayo uliitoa wapi kama si kwa Hōhepa? Mwombe msamaha, hata kama hajui.

Na huyo mgeni. Huyo simlaumu, hakujimwaga mwenyewe. Watu wake wanajua aliko? Kuna dada yake mahali anaamini amemzika mzima? Nimejikuta namwonea huruma mtu ambaye amemla kaka yangu, na hilo nalo limenizidishia hasira.

Sasa huna hoja tena. Kimebaki kichupa kimoja. Njoo nacho, pamoja na hao wa kichupa cha kwanza waliokufa, kabla ya tarehe 29. Tutawaweka chini, tutafunua jiwe, tumalize.

Shangazi yako,
Rāwinia


Dunedin
27 Novemba 2018

Shangazi,

Sina hoja. Nitamleta.

Kamati imemsimamisha Profesa. Makala imeondolewa, na maabara zote za nje zimeandikiwa zisitumie zilichopewa. Alibeba vitu vyake kwenye boksi bila kunitazama. Nilidhani nitafurahi, wala. Ufunguo wa tangi sasa ninao mimi. Nimekata tiketi ya ndege mpaka Gisborne, tarehe 27 Desemba. Naomba mtu anipokee.

Nitakwambia jambo moja, na si kwa kubishana, nimechoka kubishana na wewe. Kila kilichoandikwa juu ya HK-58 baada ya msiba ni habari za yule mwingine. Dawa zote walizojaribu, walimjaribia yule. Baba alitaka kazi, na hakufanya kazi hata siku moja. Hilo ndilo linaloniuma kila nikipita karibu na lile tangi.

Basi. Tutaonana.

Te Rina


Tokomaru Bay
6 Desemba 2018

Te Rina,

Tiketi irudishe.

Usianze kushangilia, hasira yangu kwako haijaisha. Imekaa tu kwenye foleni, nyuma ya hasira ya Profesa. Wiki yote hii nimepanda viazi vitamu nikiongea peke yangu mpaka jirani akaja kuuliza kama niko mzima. Ni ile sentensi yako. Hakufanya kazi hata siku moja.

Unamjua baba yako. Mwaka ule alipoteguka mgongo, daktari kamwambia alale, asubuhi yuko kwenye gari la genge, amejifunga mshipi, anawaambia wenzake wasimcheke maana itamuuma akicheka nao. Mtu huyo aliomba kazi. Wakampokea, wakampa jina la kazi, halafu wakamketisha mwingine kwenye kiti chake na kuandika jina la Kaiwai kwenye jasho la mtu! Nami nimrudishe nyumbani hivyo? Nimfunulie jiwe nimwambie pumzika, umechoka? Amechokea nini? Hapana. Nakataa. Hatarudi hapa kama mtu aliyefukuzwa.

Kifungue hicho kichupa. Mwoteshe.

Akifa, mlete amekufa, nitampokea na sitasema neno. Ngāhuia ameniambia anaweza kufa, na kwamba hakuna kingine baada ya hicho. Nimemwambia najua kuhesabu hadi moja. Akiishi, afanye alichosema atafanya. Chupa yake ya chakula iwe ya peke yake, ikae mbali na za watu, na asiishike mtu mwingine yeyote, hata awe profesa mara kumi. Hiyo damu ya ndama nimeisalia, basi, alikuwa mtu wa kula chochote.

Na yule mgeni asitupwe jalalani. Waandikie waliomuuza, uwaulize jina lake na watu wake. Wasipojua, useme, tuone la kufanya.

Shangazi yako,
Rāwinia


Dunedin
21 Desemba 2018

Shangazi,

Nilikifungua Jumatatu wiki iliyopita. 

Siku za mwanzo seli zilielea tu, kama zile za kichupa cha kwanza zilizokufa. Nilizikasirikia. Nilimwambia Baba kwa sauti, mbele ya wenzangu, "Wewe si ulitaka kazi?" Jana asubuhi nikatazama kwenye darubini na zimeshika chini ya chupa. Chache, zimejikusanya pembeni. Nimezipima tena na mate yangu. Vimeoana.

Chupa yake ya chakula nimeizungushia utepe mwekundu. Leo mwenzangu mmoja alinyoosha mkono aazime kidogo, ya kwake ilikuwa imekwisha. Nilipiga kelele hata watu wa ghorofa ya chini wakapanda kuuliza nani ameumia. Ilikuwa sauti yako, Shangazi, ikitoka kinywani mwangu. Niliogopa mwenyewe.

Waliotuuzia seli za yule mwingine wamejibu. Jina lake halikuhifadhiwa. Wana umri wake tu. Nimeondoa jina la Baba kwenye chupa zake, nikaziweka pamoja. Nasema sala mbili sasa.

Mtafunua jiwe bila mimi?

Te Rina


Tokomaru Bay
30 Desemba 2018

Te Rina,

Hatukufunua.

Watu walikuja, hadi wa Auckland. Chakula kilikuwa tayari kwenye mawe ya moto ardhini, mchungaji amevaa, waimbaji wamesimama. Nikapita mbele, nikasimama mbele ya jiwe nikasema halifunuliwi. Mjomba wako Wī akanifokea, "Rāwinia, tumechinja kondoo wawili!" Nikamwambia wale kondoo hawamdai Hōhepa, waliwe. Wakanuna. Wengine walisema nimeanza kuchanganyikiwa na uzee. Nikawaambia kaka yangu yuko kazini Dunedin, hawezi kufunuliwa jiwe mtu aliye kazini.

Na nikawaambia kuhusu kirusi. Nilisema chote, jina, kinapopita, na kwamba wanakipata karibu watu wote, hata hao waliokuwa wanatazama viatu vyao. Nikasema chanjo ipo na haina malipo, wavulana na wasichana, na nitapita nyumba kwa nyumba kuuliza nani hajapeleka watoto. Unajua nitapita. Binamu Ani akacheka, kisha wote wakacheka, maana walikumbuka wale wasichana wa genge. Nikacheka na mimi huku nina hasira. Wakala kondoo wakaimba mpaka jioni.

Yule mgeni tumemwombea, bila jina. Mchungaji hakujua aseme nini, nikamsaidia.

Asubuhi nimekwenda makaburini. Upepo wa baharini umechana kile kitambaa, jina lake lilikuwa limeanza kuonekana. Nikarudi nyumbani nikachukua shuka lake la kulalia, nimelifua kwenye beseni lake, peke yake, nimeanika, nimelifunika jiwe na kulifunga kwa kamba ya genge lao. Upepo wa huku unaujua, nalo halitamaliza mwaka.

Akimaliza, mlete. Mashuka mengine ninayo.

Shangazi yako,
Rāwinia